Methali, Mwanamke na Maadili: Mchango wa Mercy Amba Oduyoye na Funzo Lake kwa Fasihi Simulizi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha ya kitaaluma ya Mercy Amba Oduyoye, mtaalamu wa Ghana aliyeshughulikia teolojia na maadili kwa mtazamo wa ufeministi. Hoja kuu ni kwamba Oduyoye aliyapeleka maadili mahali ambapo wanateolojia wengi wa wakati wake hawakuyatafuta, yaani katika methali, visasili na majina ya kila siku. Baada ya kueleza safari yake, makala inaijaribu mbinu yake kwa kuchambua methali ya Kiswahili, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi", na mwishowe inaonyesha mipaka ya mbinu hiyo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba methali ni hekima ya wahenga iliyofumbatwa katika maneno machache. Fasili hii si ya uongo, ila haijakamilika. Haituelezi wahenga hao walikuwa akina nani, walisema wakiwa na mamlaka gani, wala kama walioambiwa maneno hayo walikuwa na nafasi ya kuyajibu. Methali ikishatamkwa barazani, msemaji huonekana amejitoa katika jambo lenyewe: si yeye asemaye, ni wahenga. Hapo ndipo zilipo nguvu za methali, na hapo pia ndipo panapozuka suala la maadili.

Mtu aliyelikabili suala hili kwa uzito ni Mercy Amba Oduyoye. Katika idara za dini na teolojia jina lake ni maarufu; katika idara za Kiswahili halitajwi mara nyingi. Hali hii inasikitisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ni uhakiki wa fasihi simulizi. Makala hii inakusudia kuliziba pengo hilo kwa kadiri inavyowezekana. Haikusudii kumsifu tu, kwani sifa tupu haimfai mtaalamu. Inakusudia kuonyesha jinsi maisha yake yalivyozaa mbinu yake, kisha kuipima mbinu hiyo kwa data ya lugha yetu.

2.0 Safari ya Kitaaluma

2.1 Malezi na Elimu

Oduyoye alizaliwa mwaka 1934 huko Asamankese, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast na ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya mchungaji wa Kanisa la Methodisti. Kwa hiyo tangu utoto alilelewa katika shule mbili kwa wakati mmoja: shule ya Biblia na tenzi za kanisani, na shule ya Waakan, watu ambao nasaba yao hufuatwa kukeni. Katika jamii ya namna hiyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamke ndiye mlango ambao ukoo hupitia ili uendelee kuwapo.

Alipata mafunzo ya ualimu mjini Kumasi na kufundisha kwa muda kabla ya kujiunga na chuo kikuu kilichokuwa Legon, alikohitimu masomo ya dini. Kutoka hapo alikwenda Cambridge, Uingereza, akasomea teolojia na kupata shahada. Mwaka 1967 alianza kufanya kazi ya elimu ya vijana katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lenye makao yake Geneva.

Mwaka 1968 aliolewa na Modupe Oduyoye, Myoruba wa Nijeria. Kwa mtafiti wa maisha yake tukio hili si la kifamilia tu. Aliyelelewa kukeni alihamia katika jamii ifuatayo nasaba kuumeni, na yale aliyoyadhani kuwa ni desturi ya Afrika yakamdhihirikia kuwa ni desturi ya Waakan. Oduyoye mwenyewe ameeleza katika maandishi yake kwamba tofauti hii ilimfungua macho kuhusu mfumo dume. Hata hivyo hakuishia kuusifu ukoo wake na kuulaumu wa mumewe. Aliporudi kuitazama jamii ya Waakan kwa jicho jipya, aligundua kwamba hata pale ambapo damu ya ukoo hupitia kwa mama, mamlaka mara nyingi hushikwa na mjomba. Ulinganishi huu ndio msingi wa kazi zake za baadaye.

2.2 Kutoka Ibadan hadi Geneva

Kuanzia mwaka 1974 Oduyoye alifundisha katika idara ya masomo ya dini ya Chuo Kikuu cha Ibadan, na alikuwa huko kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kipindi hicho ndicho teolojia ya ukombozi ilikuwa ikipamba moto katika Amerika ya Kusini, Asia na Afrika. Inafaa kukumbuka kwamba chama kilichowaunganisha wanateolojia wa Ulimwengu wa Tatu kiliundwa Dar es Salaam mwezi Agosti 1976. Wanachama wake walikataa teolojia iliyoandikwa Ulaya na kuletwa kwetu kama bidhaa iliyokamilika; walitaka kuanza na hali halisi ya maskini.

Oduyoye aliiunga mkono hoja hiyo, lakini aliiuliza swali gumu. Ikiwa teolojia yaanza na hali halisi ya walioonewa, mbona wanawake, ambao wameonewa katika jamii hizo hizo maskini, hawasikiki? Katika mkutano wa chama hicho uliofanyika New Delhi mwaka 1981 wanawake walilisema jambo hili waziwazi, na Oduyoye aliueleza ujio wa sauti yao kuwa ni mlipuko uliotokea ndani ya mlipuko. Maana yake ni kwamba wanyonge walipokuwa wakiivunja milango ya wenye nguvu, wanyonge wengine walikuwa bado wamefungiwa ndani na wenzao. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe alikuja kuwa rais wa chama hicho.

Kitabu chake Hearing and Knowing kilitoka mwaka 1986, kikitafakari Ukristo katika Afrika. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1994 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Wakati huo ndipo Baraza lilipotangaza Mwongo wa Makanisa katika Mshikamano na Wanawake, ulioanza mwaka 1988 na kufungwa Harare mwaka 1998.

2.3 Duara

Huenda kazi yake itakayodumu kuliko zote si kitabu bali ni umoja wa watu. Mwaka 1989 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Legon na kuunda Duara la Wanawake Wanateolojia wa Afrika. Jina lenyewe lina maana: duara halina kichwa wala mkia. Lilikusudiwa kuwa la wanawake wa dini mbalimbali, wakiwamo Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, ingawa Wakristo ndio waliokuwa wengi. Lengo lao lilikuwa la kitaaluma kabisa: kuandika na kuchapisha. Waliona kwamba mwanamke wa Kiafrika alikuwa akiandikwa sana na watu wengine ilhali maandishi yake mwenyewe yalikuwa haba.

Afrika Mashariki haikuwa mgeni katika Duara. Mkutano mkuu wa pili ulifanyika Nairobi mwaka 1996, na wa tatu Addis Ababa mwaka 2002, ambapo suala la UKIMWI lilipewa nafasi ya kwanza. Mkusanyo wa makala uitwao The Will to Arise (1992) ulihaririwa na Oduyoye pamoja na Musimbi Kanyoro wa Kenya, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtaalamu wa isimu aliyetafiti lahaja za Kiluhya. Ndani yake wamo pia Wakenya Anne Nasimiyu-Wasike, aliyeuhakiki uke-wenza, na Teresia Hinga, aliyeandika juu ya Kristo na ukombozi wa mwanamke wa Kiafrika.

3.0 Mbinu Yake: Methali Mizanini

Katika kitabu cha Daughters of Anowa, yaani Mabinti wa Anowa, kilichochapishwa mwaka 1995, Oduyoye alikusanya visasili, ngano na methali za Waakan na Wayoruba, akaziuliza zinamsemaje mwanamke. Mbinu hiyo yaweza kugawanywa katika hatua tatu, ingawa mgawanyo huu ni wetu.

Hatua ya kwanza ni kuisikiliza methali ilivyo, bila kuipamba. Waakan husema kwamba mwanamke akinunua bunduki, hutunzwa chumbani kwa mwanamume. Husema pia kwamba kuku jike naye hujua kuwa kumekucha, ila humwachia jogoo awike. Ni rahisi kuzisifu methali hizi kwa ufupi na taswira zake. Lakini zote mbili zinakiri jambo ambalo wasemaji wake huenda hawakulikusudia: mwanamke ana mali, na mwanamke ana maarifa. Kinachokosekana si uwezo bali ni idhini.

Hatua ya pili ni kuuliza methali inamnufaisha nani inapotamkwa. Katika falsafa ya maadili, kauli inayodai kueleza hali ilivyo mara nyingi huwa ni amri iliyojificha. "Kuku humwachia jogoo" ni maelezo kwa sura, ila kwa dhima ni katazo.

Hatua ya tatu ndiyo inayomtofautisha Oduyoye na wahakiki wanaobomoa tu. Yeye hakusema methali zitupwe. Aliuchukulia utamaduni kama urithi ambao mrithi ana haki ya kuupekua: yapo ya kuhifadhiwa, yapo ya kurekebishwa, na yapo ya kuzikwa. Kipimo alichotumia ni utu kamili wa mtu. Alilitumia hata kwa Biblia na kwa kanisa, kwani aliona kwamba mara nyingine kanisa liliutia nguvu mfumo dume liliokuta Afrika badala ya kuudhoofisha.

4.0 Mwanamke Asiye na Mtoto

Mbinu yoyote ya maadili hupimwa pale inapomgusa mwenye kuitumia. Oduyoye hakujaliwa kuzaa. Katika jamii za Afrika ya Magharibi, na kwetu pia, hili si jambo dogo. Kwa Waakan, ambao ukoo wao hupitia kwa mwanamke, binti asiyezaa huonekana kama mlango uliofungwa. Kwa Wayoruba, mke asiyezaa huonekana hajaitimiza sababu ya kuolewa. Mwaka 1999, katika kitabu cha kumuenzi mwanateolojia Letty Russell wa Marekani, Oduyoye alichapisha insha juu ya mwanamke asiye na mtoto katika mazingira ya Afrika ya Magharibi, na katika insha hiyo alijizungumzia yeye mwenyewe.

Tendo hilo lilikuwa na uzito wa kitaaluma. Ugumba ulikuwa jambo la kusemewa pembeni: kanisa liliombea, wakwe walinung'unika, na mwanamke alinyamaza. Yeye aliligeuza kuwa mada ya teolojia. Alitafuta maana ya kuzaa matunda ambayo haimalizikii tumboni, akafikia imani kwamba njia za mwanadamu za kuuendeleza uhai ni nyingi.

Kwa mwangaza huo, hata anwani ya kitabu cha mwaka 1995 inastahili kusomwa upya. Anowa ni mhusika mkuu wa tamthilia ya Ama Ata Aidoo iliyochapishwa mwaka 1970, msichana aliyekataa wachumba wa wazazi akaolewa na amtakaye, kisha akaipinga biashara ya watumwa iliyomtajirisha mumewe. Katika tamthilia hiyo Anowa hakupata mtoto. Oduyoye alimchukua awe kama mama wa bara zima. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kuwaita wanawake wa Afrika mabinti wa mwanamke asiyezaa ni hoja kamili ya maadili iliyotiwa katika maneno matatu.

5.0 Jaribio: "Uchungu wa Mwana Aujuaye Mzazi"

Sasa tuijaribu mbinu hiyo kwa Kiswahili. Methali "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi" hufundishwa shuleni kama kielelezo cha upendo wa mama. Hapana shaka ina ukweli ndani yake. Lakini tuchukue mfano wa matanga. Kijana amefariki. Amelelewa tangu utoto na shangazi yake ambaye hakuzaa: ndiye aliyemwogesha, aliyemsomesha, aliyekesha naye alipougua. Mama mzazi amefika kutoka mbali. Mwombolezaji mmoja, pengine bila nia mbaya, anamwashiria mama huyo na kuitamka methali. Kwa maneno matano, shangazi ametolewa katika kilio chake mwenyewe.

Je, lugha imewezaje kufanya hivyo? Jibu limo katika neno "uchungu". Neno hili lina maana mbili: maumivu ya kujifungua, na majonzi ya moyo. Kwa maana ya kwanza methali haipingiki, kwa kuwa maumivu ya uzazi huyajua aliyezaa. Kwa maana ya pili madai yake ni mapana mno, kwani majonzi humpata yeyote aliyependa. Methali huthibitishwa kwa maana ya kwanza, kisha hutumiwa kwa maana ya pili. Msikilizaji hukubali kabla hajatambua kuwa amehamishwa.

Aidha, tulitazame neno "mzazi". Katika Kiswahili baba pia ni mzazi, na hakuna akatazaye methali hii itumiwe kwa baba aliyefiwa. Lakini baba hakupata uchungu wa kujifungua. Ikiwa basi lugha imekwisha kumruhusu yeye kuingia kwa mlango wa upendo na malezi, ni kwa hoja gani shangazi azuiwe katika mlango huo huo?

Lugha yenyewe inalo jibu. Methali nyingine yasema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Msamiati wetu wa ujamaa nao unashuhudia: dada wa mama huitwa mama mkubwa au mama mdogo, awe amezaa au hakuzaa. Uzazi wa tumbo haukuwa kamwe njia pekee ya kuitwa mama. Kwa upande mwingine, desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, humwacha asiye na mtoto bila jina la heshima mbele ya wenzake. Lugha moja imebeba mambo yote mawili, la kukubali na la kukataa.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha funzo la Oduyoye. Ikiwa methali hupingana, basi anayetamka mojawapo amechagua. Na aliyechagua hawezi kujificha nyuma ya wahenga. Anawajibika kwa uchaguzi wake. Mwombolezaji wa matangani alikuwa na methali mbili mkononi.

6.0 Mipaka ya Mbinu

Hata hivyo mbinu hii haifai kutumiwa bila tahadhari. Kwanza, methali iliyoandikwa kitabuni imeng'olewa katika muktadha wake. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" yaweza kusomwa kama kauli inayomfanya mke kuwa mmea na mume kuwa mkulima. Lakini mke akiitamka mbele ya mume asiyemvisha, inageuka kuwa dai la haki. Mtafiti anayeorodhesha methali bila kurekodi nani alimwambia nani atahukumu maneno na kuwaacha wasemaji.

Pili, wanawake wenyewe ni warithishaji wa mafunzo haya. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, alimfunza namna ya kuishi na mume. Wapo wauonao utenzi huo kuwa sauti ya utii tu, na wapo wauonao kuwa ujuzi wa mama mgonjwa anayemwandalia bintiye namna ya kusalimika katika dunia aijuayo. Mizani inayopima faida na hasara peke yake haiwezi kuamua shauri hilo. Inahitaji pia huruma ya kihistoria.

Tatu, Oduyoye aliandika kama Mkristo kutoka jamii za Waakan na Wayoruba. Fasihi ya Waswahili imelelewa katika Uislamu kwa karne nyingi. Maswali yake twaweza kuyaazima. Majibu yatupasa kuyatafuta wenyewe, kwa kushirikiana na wataalamu wa dini hiyo, na hasa wanawake miongoni mwao.

7.0 Hitimisho

Baada ya kuondoka Geneva, Oduyoye alirejea Ghana na kuanzisha, katika chuo cha teolojia cha Trinity huko Legon, taasisi inayoshughulikia wanawake katika dini na utamaduni. Alirudi pale pale ambapo Duara lilizaliwa. Wanafunzi na wasomaji aliowalea katika nchi mbalimbali ni wengi, nao wameendelea kulea wengine.

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kazi yake haiwahusu wanateolojia peke yao. Inapendekezwa kwamba ufundishaji wa methali katika shule na vyuo vyetu usiishie kwenye maana ya nje na maana ya ndani, bali uongeze maswali mawili: nani anaitamka, na kuna methali gani nyingine ambayo angeweza kuitamka badala yake? Maswali haya hayahitaji vifaa wala fedha. Yanahitaji mwalimu aliye tayari kukumbuka kwamba darasani mwake huenda yumo mtoto anayelelewa na shangazi, na ambaye jioni atamsimulia nyumbani alichofunzwa.